Derby: Mbio za dakika mbili zisizoweza kufika Rungwa

Na Mwandishi Wetu, Rungwa

ILIKUWA inakaribia saa nane usiku wa kuamkia Jumapili ya Mei 4, 2025, wakati watu wanne waliokaa kwenye benchi la nyumba ya kulala wageni hapa Rungwa, mkoani Singida, walipoinamia simu moja ya mkononi kutazama kitu ambacho watatu kati yao hawakuwa wamewahi kukiona kwa macho yao: farasi wa mashindano.

Watu hao walikuwa ni dereva wa lori la tumbaku, utingo wake, kijana mwendesha bodaboda, na mwandishi wa makala haya. Upande wa pili wa dunia, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ilikuwa bado Jumamosi jioni na mvua ilikuwa imegeuza uwanja kuwa tope. Farasi 19 waliingizwa kwenye vizimba vya kuanzia, milango ikafunguka, na kwa muda wa dakika mbili na sekunde chache hakuna aliyesema neno.

Mshindi alikuwa farasi aitwaye Sovereignty. Aliyekuwa akipewa nafasi kubwa kuliko wote, farasi mwenye jina la Journalism, yaani Uandishi wa Habari, alikuja wa pili. Mwandishi, kwa mapenzi ya kazi, alikuwa upande wa Journalism na alishindwa pamoja naye.

Baada ya hapo kijana wa bodaboda aliuliza maswali mawili. La kwanza, kwa kuwa nyika ya Rungwa ina majani tele, kwa nini farasi kama wale hawaletwi huku? La pili, je, wale ndio farasi ambao yeye huwawekea fedha kwenye kibanda cha kubashiri anapokwenda mjini Tabora?

Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini kila moja lina historia ndefu nyuma yake, na la pili linagusa mfuko wa vijana wengi wa mijini kuliko wazazi wao wanavyodhani.

Kwanza ni vema msomaji akafahamu Derby ni nini na kwa nini inawatia watu wazimu. Mbio za kwanza zilizobeba jina hilo zilifanyika Epsom, nje kidogo ya London, mwaka 1780. Inasimuliwa kwamba Lord Derby na rafiki yake, Sir Charles Bunbury, walirusha sarafu kuamua mbio hizo zibebe jina la nani. Derby akashinda sarafu, Bunbury akashinda mbio kwa farasi wake Diomed. Laiti sarafu ingeangukia upande wa pili, leo hata mechi ya Simba na Yanga watangazaji wetu wangeiita Bunbury ya Kariakoo.

Kanuni ya Derby ni moja, nayo ndiyo chanzo cha msisimko wote. Wanaoruhusiwa kukimbia ni farasi wa umri wa miaka mitatu tu. Timu ya mpira ikifungwa leo husubiri mzunguko wa pili, na ikifungwa tena husubiri msimu ujao. Farasi hana msimu ujao. Ana siku moja katika maisha yake yote. Akiugua juma hilo, akianza vibaya, au akizibwa njia kwenye kona, imekwisha. Mwenye farasi amemtunza tangu akiwa tumboni mwa mama yake, miezi 11, kisha miaka mitatu, ili aje kuamuliwa na dakika mbili.

Tena si farasi yeyote. Hawa ni farasi wa damu safi, mbegu iliyotengenezwa Uingereza kuanzia karne ya 17 na 18 kwa kuchanganya majike ya kienyeji na madume yaliyoletwa kutoka nchi za Mashariki. Ukifuata ukoo wa baba, kila farasi wa damu safi duniani leo hurudi kwa madume matatu tu: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Huyo wa pili alinunuliwa Aleppo, Syria, na kufikishwa Uingereza mwaka 1704. Hivyo basi, ule mchezo unaohesabiwa kuwa wa mabwana wa Kiingereza umesimama juu ya miguu ya farasi wa Kiarabu. Na si ajabu kwamba Sovereignty, aliyeshinda Kentucky mwaka 2025, ni mali ya zizi la Godolphin la Sheikh Mohammed, mtawala wa Dubai, ambalo limechukua jina la farasi huyo wa kale.

Watu wa pwani yetu nao wana sehemu yao ndogo katika hadithi hii. Mwaka 1840 merikebu ya Sultanah ya Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Zanzibar, ilitia nanga New York ikiongozwa na nahodha Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa zawadi zilizopelekwa kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria haikumruhusu Rais kupokea zawadi kutoka kwa mtawala wa kigeni, farasi wakapigwa mnada na fedha zikaingia hazina ya taifa. Wapo viongozi wa zama hizi ambao wangefaa kusimuliwa kisa hicho, lakini hayo si mada ya leo.

Mbio za Kentucky zilianza mwaka 1875 na hazijawahi kuruka mwaka hata mmoja. Hukimbiwa umbali unaozidi kidogo kilometa mbili, na kwa kawaida hufanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei. Mila zake ni nyingi: kofia za wanawake zenye mapana ya mwavuli, wimbo wa jimbo unaoimbwa farasi wakitoka kwenda kuanza, blanketi la mawaridi mekundu anayovikwa mshindi. Wenzao wa Melbourne, Australia, ambao mbio zao zilianza mwaka 1861, huipumzisha kazi Jumanne ya kwanza ya Novemba ili watu wote watazame. Durban, Afrika Kusini, wana mbio zao za Julai tangu mwaka 1897, na huko mavazi hushindana na farasi kwa nafasi katika kurasa za magazeti.

Lakini kuna jambo moja ambalo kofia zile zimelifunika kwa muda mrefu. Katika mbio za kwanza za Kentucky, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na mshindi, Oliver Lewis aliyempanda Aristides, alikuwa mmoja wao. Wengi walikuwa wametoka katika familia za watumwa waliokuwa wakitunza farasi wa mabwana. Isaac Murphy alishinda mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902.

Baada ya Winkfield, hakuna mpanda farasi mweusi wa Kimarekani aliyeshinda tena. Si kwamba walisahau kupanda. Fedha zilipoongezeka, wenzao weupe walianza kuwasukuma kwenye uzio katikati ya mbio, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi, na sheria za ubaguzi za zama zile zikamaliza yaliyobaki. Winkfield mwenyewe alikwenda kutafuta riziki Urusi, na baadaye Ufaransa. Walioujenga mchezo kwa mikono yao wakageuka kuwa watazamaji, au wafagiaji wa mazizi.

Habari hiyo inatakiwa kukumbukwa mtu anapovuka mpaka wa Namanga kwenda kutazama Derby iliyo karibu nasi kuliko zote, ile ya Nairobi.

Kenya Derby hukimbiwa katika uwanja wa Ngong, umbali wa mita 2,400, chini ya usimamizi wa Jockey Club of Kenya. Uwanja huo ulianza kutumika mwaka 1954. Kabla ya hapo farasi walikuwa wakikimbia upande wa mashariki wa jiji, na hadi leo barabara inayopita karibu na Kariokor inaitwa Racecourse Road ingawa hakuna farasi anayepita hapo isipokuwa kwenye mabango ya matangazo.

Mchezo uliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, watu waliofika na tandiko kabla ya jembe. Kwa miongo kadhaa Mwafrika alikuwa na nafasi moja tu pale uwanjani, nayo ni usaisi: kumwosha farasi, kumlisha, kumtembeza alfajiri, kulala karibu na banda lake. Mwenye farasi alijulikana kwa jina, na farasi mwenyewe alijulikana kwa jina. Saisi alijulikana kwa kazi yake.

Mtu aliyeacha alama kubwa kuliko wengi katika uwanja huo alikuwa mwanamke, Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto, akakulia katika shamba la baba yake huko Njoro akicheza na kuwinda na watoto wa Kinandi na kuzungumza Kiswahili. Alipata leseni ya kufundisha farasi akiwa bado kijana mno. Mwaka 1926 farasi wake jike Wise Child alishinda St Leger ya Kenya. Dunia inamfahamu zaidi kwa sababu ya mwaka 1936, alipoivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi, lakini watu wa Ngong humkumbuka kwa farasi: alifundisha washindi sita wa Derby. Alifariki dunia Nairobi mwaka 1986.

Tangu uhuru sura ya Ngong imebadilika. Wapanda farasi wengi wa leo ni Wakenya weusi, baadhi yao wakiwa wametokea mazizini. Umati wa Jumapili ni mchanganyiko wa watu: familia zilizokuja na vikapu vya chakula na kutandika shuka chini ya miti, vijana waliovaa kwa ajili ya kupiga picha, wazee wanaoshika kijitabu cha ratiba na kalamu kana kwamba wanasahihisha mitihani. Farasi hutembezwa kwanza mbele ya watazamaji kabla ya kwenda kuanza. Hapo ndipo wajuzi humtazama mnyama jasho lake, mwendo wake na masikio yake, kisha huenda dirishani kuweka dau. Mara farasi wanapoingia kwenye mnyoofu wa mwisho, yule mzee mwenye kalamu husahau umri wake.

Hata hivyo, uzuri huo wa Jumapili usimfanye mtu asione kwamba ni shughuli inayopumua kwa taabu. Mbegu ya farasi wa damu safi nchini Kenya ni ndogo, gharama ya kumlisha na kumtibu farasi mmoja kwa mwezi inazidi mshahara wa watu wengi wanaokuja kumshangilia, na zawadi haziwezi kulinganishwa na zile za Durban, sembuse Kentucky ambako mwaka 2024 zilifikia dola milioni tano. Janga la corona lilipofunga viwanja mwezi Machi 2020, farasi waliendelea kula kama kawaida wakati hakuna senti iliyokuwa ikiingia. Mpira unaweza kuufungia stoo, farasi huwezi.

Sasa turejee kwenye swali la kwanza la kijana wa bodaboda. Kwa nini Nairobi, na kwa nini si huku kwetu?

Jibu fupi linaruka. Ni mbung'o.

Anayesafiri kwa basi kutoka Itigi kwenda Mbeya anamfahamu mdudu huyo vizuri. Basi likishaingia katika msitu wa miombo, abiria hufunga madirisha hata kama joto ni la kuchemsha, kwa sababu mbung'o hufukuza gari kama anayedai nauli. Kijiji cha Rungwa kimekaa kwenye njia panda ya kwenda Tabora, Mbeya na Itigi, pembeni ya Pori la Akiba la Rungwa, lililotangazwa mwaka 1951 na ambalo pamoja na mapori jirani ya Kizigo na Muhesi linaungana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni moja ya makao makubwa ya mbung'o nchini. Mdudu huyo hubeba vimelea vya nagana, ambavyo mnyama wa porini huishi navyo bila shida, ng'ombe hudhoofika navyo, na farasi hufa navyo.

Historia imekwisha kulithibitisha hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini yakiongozwa na Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, na baadaye Dodoma na reli ya kati, yakiwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Walikuja na wapanda farasi, jeshi ambalo lilikuwa limefanya maajabu katika nyika za kusini. Huku kwetu farasi walikufa kwa maelfu, kwa mbung'o na kwa ugonjwa mwingine uitwao tauni ya farasi. Askari waliobaki walimaliza vita kwa miguu.

Kabla yao, mwaka 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Dk. Livingstone akiwa na farasi wawili. Wote walikufa ndani ya majuma machache, kabla hata ya kufika mbali. Stanley alipasua mizoga na kuona kwamba kilichowaua si mbung'o bali maradhi ya tumbo, lakini kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa kwa sababu nyingine. Mtemi wa kijiji cha Kingaru alipopata habari kwamba mgeni amemzika mnyama wake katika ardhi yake bila ruhusa, alidai faini ya doti za kitambaa. Stanley akaamuru farasi afukuliwe aachwe juu ya ardhi kama alivyofia. Mtemi, akifikiria harufu, akasamehe faini.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilimchukulia mbung'o kama adui wa kivita. Mkuu wa vita hivyo alikuwa Charles Swynnerton, ambaye makao yake ya utafiti yalikuwa Shinyanga, na aliyejaribu kila mbinu: kuchoma nyika kwa msimu, kufyeka vichaka, kuhamisha watu. Mwaka 1938 yeye na mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt, walifariki dunia katika ajali ya ndege hapahapa Singida.

Ushindi ulipatikana baadaye sana, na si bara bali kisiwani. Kati ya mwaka 1994 na 1997, kisiwa cha Unguja kilisafishwa mbung'o kwa kurushiwa madume yaliyohasiwa kwa mionzi, ambayo yalizalishwa Tanga kwa mamilioni. Majike yakapandwa na madume yasiyo na mbegu, kizazi kikakatika. Leo mtalii anaweza kupanda farasi katika fukwe za Unguja bila hofu ya nagana. Lakini Unguja ni kisiwa. Msitu wa Rungwa hauna bahari ya kuuzunguka, na ukiusafisha upande huu mbung'o hurudi kwa upande ule.

Wapo watakaosema, na wapo waliokwisha kusema, kwamba zipo sehemu za Tanzania ambako farasi wanaishi. Ni kweli. Arusha wapo wa polo na wa kutembeza watalii, na Jeshi la Polisi lina kikosi cha farasi ambacho washabiki wa soka Dar es Salaam wanakifahamu, hasa wale waliowahi kujaribu kuingia uwanjani bila tiketi. Je, basi, tusianzishe Derby yetu huko kwenye nyanda za baridi, tukavuna watalii na kodi?

Kwa maoni ya mwandishi, wazo hilo lina harufu ya kofia kuliko ya jasho. Kenya haikuipata Derby kwa kujenga uwanja. Iliipata kwa sababu kulikuwa na tabaka la walowezi wenye ardhi kubwa katika nyanda za juu, waliozalisha farasi kwa miongo mingi bila kujali hasara, na hata hivyo leo urithi huo unasukumwa kwa shida. Isitoshe, farasi wa ukanda wetu hawezi kusafirishwa kirahisi kwenda kushindana au kuuzwa Ulaya, kwa sababu nchi nyingi zinaogopa tauni ya farasi.

Hofu hiyo ina msingi. Ugonjwa huo huenezwa na visubi wadogo kuliko punje ya mtama, na punda milia huubeba bila kuugua. Mwaka 2020 ulizuka ghafla Thailand na kuua zaidi ya farasi 500. Wachunguzi walishuku kuwa uliingia na punda milia walioagizwa kutoka Afrika. Kwa hiyo yule mnyama mwenye milia anayesimama kando ya barabara hapa Rungwa, ambaye utingo wetu alimwona kuwa ni farasi aliyekosa bahati ya kufugwa, ndiye aliyekomaa kuishi pale ambapo jamaa yake wa mamilioni ya dola angekufa katika msimu mmoja. Hata milia yenyewe inaelekea kuwa silaha. Utafiti wa Tim Caro na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba farasi waliovishwa koti la milia walitua nzi wachache zaidi kuliko waliovishwa koti la rangi moja.

Na hata huko walikoendelea, farasi wa damu safi ni mnyama anayevunjika. Ana uzito wa karibu nusu tani na mbio za zaidi ya kilometa 60 kwa saa, juu ya miguu myembamba kama ya swala, akiwa amebeba uzito wa kilo 57. Mwaka 2008 farasi jike Eight Belles alishika nafasi ya pili Kentucky, na dakika moja baadaye alianguka akiwa amevunjika miguu yote miwili ya mbele, akauawa palepale mbele ya umati. Mwaka 2023 farasi 12 walikufa katika uwanja huohuo wa Churchill Downs ndani ya majuma machache kabla na baada ya Derby, hadi mbio zikahamishiwa uwanja mwingine. Medina Spirit, aliyekuwa wa kwanza mwaka 2021, alinyang'anywa ushindi kwa kukutwa na dawa isiyoruhusiwa siku ya mbio, naye akafa mazoezini mwezi Desemba mwaka huohuo.

Swali la pili la kijana wetu ndilo zito zaidi, kwa sababu jibu lake ni hapana. Farasi anaowawekea fedha mjini si wale. Si farasi kabisa.

Katika vibanda vingi vya kubashiri mijini, mbio za farasi zinazoonyeshwa kwenye luninga kila baada ya dakika chache ni picha zilizotengenezwa na kompyuta. Hakuna uwanja, hakuna saisi, hakuna tope. Mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati nasibu, na programu hiyo imepangwa ili kwa muda mrefu sehemu ya fedha ibaki kwa mwenye mashine. Ni biashara halali chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa walio na umri wa miaka 18 na kuendelea. Lakini tofauti yake na mbio za kweli haielezwi kibandani.

Kentucky na viwanja vingi hutumia utaratibu uliobuniwa Paris katika miaka ya 1860: dau zote huingia kapu moja, mwenye uwanja hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliomchagua mshindi. Wabashiri hushindana wao kwa wao. Ndiyo maana mwaka 2022 Rich Strike, farasi aliyeingizwa kwenye orodha siku moja tu kabla ya mbio baada ya mwingine kujitoa, alipowashangaza wote, dau la dola mbili lililipa dola 163.60. Wachache sana walikuwa wamemwamini, na wakagawana kapu la wengi. Ujuzi una nafasi hapo. Anayemsoma farasi vizuri kuliko jirani yake anaweza kupata. Programu ya kompyuta haisomeki; anayetazama masikio ya farasi wa luninga anatazama rangi tu.

Tuseme, kwa mfano, mchezo wowote kati ya hiyo unarudisha shilingi 85 katika kila 100. Kiwango hicho hakiko mbali na kinachokatwa kwenye viwanja vya farasi wa kweli. Mtu anayeweka shilingi 1,000 mara moja kwa mwaka, siku ya Derby, kwa wastani atapoteza 150 na kupata simulizi ya kukaa nayo hadi mwaka unaofuata. Anayezungusha 1,000 hiyohiyo mara kumi mfululizo, akiweka tena kila anachorudishiwa, kwa wastani atabaki na chini ya 200. Mashine inayokimbiza farasi kila dakika chache inaimaliza mizunguko hiyo kumi kabla chai haijapoa. Kiwango ni kilekile. Kilichobadilika ni saa. Farasi wa kweli, kwa sababu anachoka, anakula na anahitaji kupumzishwa majuma kadhaa, alikuwa akimlinda mbashiri bila kujua.

Kijana alisikiliza hesabu hiyo hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mwezi uliopita alikosa hesabu ya tajiri wa pikipiki siku tatu mfululizo kwa sababu ya farasi namba nne. Dereva wa lori alicheka. Utingo hakucheka, akaomba simu arudie kuangalia mbio tangu mwanzo.

Asubuhi basi la Mbeya lilipita likiwa na vumbi na madirisha yaliyofungwa, na mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva alikuwa akimwinda mbung'o kwa ncha ya kanga. Upande wa pili wa barabara punda wawili walikuwa wamebebeshwa madumu ya maji, wakitembea bila kuongozwa kuelekea nyumbani kwao. Kijana wa bodaboda aliwapisha, akaegesha pikipiki kivulini na kuanza kusubiri abiria.